Birika la Stima Hula Pesa Ngapi?

Somo la kusoma pamoja kikundini

Somo la safari hii linahitaji kalamu, karatasi na mita ya stima iliyo karibu. Mwenyekiti asome polepole, na yule anayejua kuzidisha na kugawa akae karibu na karatasi. Wenye simu wanaweza kutumia simu kupiga hesabu, lakini majibu yaandikwe chini, maana tutayarudia mbele.

Kuna swali ambalo huzuka karibu kila ploti huku Industrial Area, kuanzia Viwandani na Lunga Lunga hadi Mukuru kwa Reuben na Mukuru kwa Njenga: Ni nani anayemaliza tokeni? Mara nyingi jibu huwa limeshaandaliwa hata kabla swali halijaulizwa. Ni yule mwenye birika. Akiliwasha tu, globu za chumba cha jirani zinafifia, na jirani anasema, "Si mnaona? Stima yote inaenda kwake."

Ninyi mlioko mashambani msidhani hili si lenu. Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka 2015, mita zimefika vijiji vingi ambavyo zamani vilijua taa ya mafuta peke yake. Na penye mita moja na nyumba mbili za ndugu, swali hili linakuja tu.

Wati, saa na yuniti

Kila chombo cha stima kina kibandiko au maandishi chini yake au mgongoni. Hapo tafuta namba iliyo na herufi W. Hizo ni wati. Birika dogo huwa na wati 1,500 au 2,000. Koili ya kupikia huwa na wati 1,000, nyingine zaidi. Globu za siku hizi, zile za LED, ni wati 9 au hapo karibu.

Fikirini mfereji wa maji. Wati ni jinsi mfereji ulivyofunguliwa, kidogo au wote. Saa ni muda uliouacha wazi. Yuniti ni mitungi iliyojaa. Mfereji uliofunguliwa wote kwa dakika tano waweza kujaza mtungi mmoja. Mfereji unaotiririka polepole usiku kucha wajaza mitungi mingi, na hakuna aliyesikia kelele.

Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima. Basi hesabu yetu ni hii: chukua wati, zidisha kwa saa, kisha gawa kwa 1,000. Koili ya wati 1,000 ikiwaka saa tatu ni yuniti 3. Globu ya wati 9 ikiwaka saa tano ni yuniti 0.045 tu, hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya yuniti haifiki.

Bei ya yuniti msiulize jirani. Chukueni ujumbe wa tokeni uliokuja kwa simu, gawanyeni pesa mlizolipa zote kwa yuniti mlizopata. Msihesabu ile sehemu ya tokeni peke yake, kwa maana kodi na malipo mengine pia yametoka mfukoni mwenu. Katika somo hili tutatumia Sh. 30 kwa yuniti, ambayo ndiyo bei iliyopatikana katika ploti nitakayoieleza. Kwenu yaweza kuwa chini ya hapo. Wekeni namba yenu wenyewe.

Birika lenyewe

Maji yana tabia moja nzuri kwa mwenye kupiga hesabu: lita moja huhitaji joto lile lile kila siku ili ichemke, uwe tajiri au maskini. Kutoka maji ya mtungi hadi yanapochemka, lita moja hula kama yuniti 0.11 ukihesabu na joto linalopotea. Kwa Sh. 30 hiyo ni Sh. 3.30. Birika likiwa na wati 1,500 au 2,000 halibadilishi sana jambo hili. Lile kubwa humaliza mapema, lile dogo hukawia, mwishowe zote zimekula karibu sawa.

Kinachobadilisha ni kiasi cha maji. Mtu anataka kikombe kimoja cha chai, anajaza birika la lita mbili. Amelipa karibu Sh. 7 kwa chai ambayo maji yake yangechemka kwa shilingi moja, na yale mengine yanapoa hapo mezani. Akiyatia kwenye thamosi, sawa, hajapoteza. Lakini wengi hawatii.

Ya kuoga ni vilevile. Lita kumi za maji ya vuguvugu zahitaji kama robo yuniti, Sh. 7.50. Ukizichemsha zote halafu ukaongeza maji baridi mpaka nusu ya ndoo imwagike, umekula karibu yuniti nzima. Chemsha lita tatu, uchanganye na baridi, inatosha.

Ile ploti ya vyumba vinane

Mwaka 2023 niliitwa na kikundi cha akina mama kusuluhisha ugomvi katika ploti moja ya mabati upande wa Lunga Lunga. Vyumba vinane, mita moja. Kila chumba kilitoa Sh. 300, jumla Sh. 2,400, wakapata yuniti 80. Tarehe 23 giza. Kisha mchango wa pili, na maneno.

Mshtakiwa alikuwa mama kijana mwenye mtoto mchanga. Alikuwa na birika. Wapangaji wenzake walikuwa wamekubaliana aongeze Sh. 300 kila mwezi au ahame. Alikuwa hana hizo 300, maana bwana yake ni kibarua wa kwenda kusimama langoni mwa kiwanda asubuhi, leo anachukuliwa, kesho harudi na kitu. Kuhama nako ni pesa: mwezi wa kwanza na depositi.

Hatukuanza na maneno. Tulikwenda kwa mita. Mita ina kataa kadogo kekundu kanakopepesa. Karibu nako pameandikwa imp/kWh na namba, kwa mfano 1,000, nyingine 1,600 au 3,200. Maana yake ni kwamba kataa hako kakipepesa mara 1,000, au kiasi kilichoandikwa, yuniti moja imekwisha. Tuliomba kila mtu azime kila kitu, kisha tukawasha chombo kimoja kimoja na kuhesabu kwa dakika moja. Mita ya 1,000 kwa birika la wati 2,000 hupepesa kama mara 33 kwa dakika. Watoto ndio waliohesabu vizuri kuliko sisi.

Yule mama alikuwa akichemsha lita moja na nusu kwa siku, uji na chupa za mtoto na chai. Kwa mwezi ni yuniti 5. Sh. 150.

Chumba cha mwisho alikaa kijana wa zamu za usiku. Alipika maharagwe kwa koili ya wati 1,000 mara mbili kwa wiki, saa tatu kila mara. Hizo ni yuniti 6 kwa wiki, 24 kwa mwezi. Sh. 720. Hakuna aliyewahi kumshtaki, maana alipika mchana watu wakiwa kazini.

Halafu mtoto mmoja akasema, "Na hii?" Juu ya lango kulikuwa na globu ya zamani ya wati 100, ile ya moto wa waya, iliyowashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi. Wati 100 kwa saa 12 ni yuniti 1.2 kila usiku. Kwa mwezi ni yuniti 36. Sh. 1,080. Taa ya usalama, ya watu wote, isiyo ya mtu.

Vyumba vyote kwa pamoja, taa zao na redio na televisheni na simu, vilikula kama yuniti 40. Jumla ya ploti ni yuniti 105 kwa mwezi, Sh. 3,150, na wao walikuwa wakichanga 2,400. Kwa hivyo hata birika lingetupwa mtoni, tokeni zisingefika mwisho wa mwezi.

Mbona basi globu zilififia birika likiwashwa? Kwa sababu linavuta stima nyingi kwa mara moja na waya za ploti ni nyembamba. Kufifia kunaonyesha nguvu ya kuvuta. Hakuonyeshi muda, na pesa inatoka kwa vyote viwili pamoja. Birika la wati 2,000 kwa dakika tatu ni sehemu moja ya kumi ya yuniti. Globu ya wati 100 inafika hapo kwa saa moja tu, kisha inaendelea saa nyingine kumi na moja huku nyote mmelala.

Walinunua globu ya LED ya wati 10 wiki hiyo hiyo. Inakula yuniti 3.6 kwa mwezi mahali pa 36. Yule kijana wa koili hesabu hiyo haikumpendeza, akasema yeye analipa 300 kama wengine na makubaliano ni makubaliano. Katika hilo hakukosea: walikuwa wamekubaliana kiwango kimoja kwa chumba, na kiwango kimoja huficha kila kitu.

Ngazi za bei

Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo penye pesa nyingi kuliko birika na koili.

Mwezi wa Aprili 2023 EPRA, shirika la serikali linalosimamia bei za kawi, iliweka ngazi tatu kwa wateja wa nyumbani. Anayetumia yuniti 30 au chini kwa mwezi aliwekewa Sh. 12.22 kwa yuniti. Aliyepita 30 hadi 100, Sh. 16.30. Aliyepita 100, Sh. 20.97. Hizi ni bei kabla ya kodi, gharama ya mafuta na malipo mengine, ndiyo sababu ploti yetu ilifika Sh. 30. Kabla ya hapo, ngazi ya bei nafuu ilikuwa imefika hadi yuniti 100, kwa hivyo wengi walitolewa pale bila kuongeza hata taa moja.

Wastani wa miezi mitatu ndio unaotazamwa. Ukipanda ngazi, yuniti zako zote zinalipiwa bei ya ngazi hiyo. Si zile za juu tu.

Sasa pigeni hesabu. Mtu mwenye mita yake anatumia yuniti 29. Kwa 12.22 ni Sh. 354.38. Ananunua birika, anafika 32. Kwa 16.30 ni Sh. 521.60. Yuniti tatu zimemgharimu zaidi ya Sh. 167. Kwa hivyo nikisema lita moja ni Sh. 3.30, sisemi uongo, lakini mwenye kukaa karibu na mpaka wa ngazi na ajihadhari. Afadhali azime kitu kingine kwanza.

Turudi kwa vyumba vinane. Yuniti 105 kwa mita moja ni ngazi ya juu kabisa: 105 kwa 20.97 ni Sh. 2,201.85 kabla ya kodi. Lakini gawanyeni 105 kwa vyumba vinane. Ni kama yuniti 13 kwa chumba! Hata yule wa koili, na taa yake na simu yake, hafiki 30 kwa urahisi. Kila chumba kingekuwa na mita yake ya Kenya Power, wote wangekuwa katika ngazi ya chini, na zile zile yuniti 105 zingekuwa Sh. 1,283.10. Tofauti ni zaidi ya Sh. 900 kila mwezi. Familia nane za vibarua, kwa kuwa zinatumia mita moja, zinatozwa kama nyumba moja ya mtu mwenye friji mbili na mashine ya kufua.

Mimi naona hilo ndilo la kupigania. Mwenye nyumba mara nyingi hana haraka nalo. Kwake mita moja ni kazi kidogo. Lakini wapangaji nane wakienda pamoja na karatasi yenye hesabu, ni tofauti na mmoja aliyekwenda kunung'unika. Jihadharini na jambo moja: zile mita ndogo za chumba ambazo fundi hufunga ndani ya ploti zinasaidia kugawana kwa haki, lakini bei ya ngazi haibadiliki, kwa maana Kenya Power bado inaona mita ile moja kubwa. Mtu asiwauzie kwa kusema bei itashuka.

Mpaka hapo, kubadilisha ile globu ya lango peke yake kuliishusha ploti hadi kama yuniti 73. Wastani uliposhuka, waliingia ngazi ya katikati: 73 kwa 16.30 ni Sh. 1,189.90, kutoka 2,201.85. Globu moja.

Maharagwe, koili na presha

Wengi watauliza, je, tuache kupika kwa stima kabisa? Sivyo. Chai na mayai na kupasha chakula, stima yaweza kushinda mafuta taa. Shida ni vyakula vya saa tatu. Maharagwe au githeri kwa koili ni yuniti 3, Sh. 90 sufuria moja.

Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka baharini, kwa hivyo maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe ya huku yanakawia kuliko ya Mombasa, na shemeji wa pwani akija anadhani hujui kupika. Ukiongeza moto baada ya kuchemka huongezi joto la maji, unafukuza mvuke tu, na mvuke huo umeulipia.

Sufuria ya presha ya stima hufunga mvuke ndani, joto linapanda kupita nyuzi 100, na ikishapata moto hujizima na kujiwasha yenyewe. Ingawa imeandikwa wati 1,000, maharagwe yaliyolowekwa hula kama nusu yuniti, Sh. 15. Si rahisi kuinunua, lakini kikundi cha merry-go-round chaweza kuwanunulia wanachama mmoja mmoja kwa zamu. Anayepika maharagwe mara mbili kwa wiki anaokoa kama Sh. 600 kwa mwezi.

Asiyeiweza atumie kapu la joto ambalo vikundi vingi vya akina mama vilifundishwa kutengeneza: kapu kubwa, ndani matambara au pamba, sufuria inakaa katikati na kufunikwa na mto. Loweka maharagwe usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa koili dakika 45, kisha uyaweke kapuni yakiwa yanatokota, uende kazini. Ni yuniti 0.75, Sh. 22.50. Msipunguze kule kuchemsha kwa nguvu mwanzoni, hasa kwa maharagwe mekundu: ni lazima yatokote si chini ya dakika kumi, la sivyo yana sumu inayoumiza tumbo.

Na msipike wote saa moja jioni mkiweza. Stima ikipungua nguvu kwa sababu kila mtu amewasha, koili nayo hudhoofika kuliko mnavyodhani. Stima ya volti 240 ikishuka hadi 180, koili ya wati 1,000 inatoa kama 560 tu. Sufuria inakaa muda mrefu ikipoteza joto, na chakula hakiivi.

Neno juu ya stima ya kuunganishiwa

Najua wako wanaolipa kiwango kimoja kwa mwezi kwa mtu anayevuta waya, na kwao hesabu hii yote ni mchezo, maana koili inawaka kutwa na bei ni ile ile. Sitawahubiria. Wizi wa stima ni kosa kwa Sheria ya Kawi ya 2019, hilo mnalijua. Lakini tazameni waya. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8. Waya mwembamba wa kengele au wa spika uliopitishwa juu ya mabati haukutengenezwa kubeba hizo, unapata moto ndani ya plastiki yake, na chumba kilichofuata ni cha jirani mwenye watoto. Gusa plagi yako baada ya kuchemsha chai. Ikiwa moto, acha kuitumia, uite fundi.

Kazi ya mkutano ujao

Kila mwanachama aje na wati za vyombo vyake vitatu na saa anazotumia. Pigeni hesabu ya mwezi kwa kila mmoja, kisha ya ploti au boma nzima. Mwafika ngazi gani? Mngekuwa na mita mbalimbali mngefika ngazi gani? Taa ya nje ni wati ngapi, na nani anailipia? Je, kiwango kimoja kwa kila chumba kinawafaa, au mwenye koili atoe zaidi ya mwenye redio, na mwenye mtoto mchanga afanyiwe nini? Hili la mwisho msilipigie kura mwenye mtoto akiwa hayupo.